Mrejesho: wale sisimizi wa jangwa la Namib

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu sisimizi niliowapiga picha kwenye vilima vya mchanga Sossusvlei, Namibia: wakubwa, weusi, tumbo lina mistari myeupe inayoelekea unjano. Nilidhani ni wale wa rangi ya fedha wa Sahara.

Sivyo. Mmoja wenu alisema nihesabu vifundo vya kiuno, yaani kile kiungo chembamba kabla ya tumbo. Jana usiku hapa Tabata nikazikuza picha zote kwenye kompyuta: kifundo kimoja tu. Hicho peke yake hakitoshi, maana hata wale wa Sahara wana kimoja, lakini ukijumlisha mistari ya tumbo na mahali nilipowapiga picha, ni spishi iitwayo kisayansi Camponotus detritus, na wanaishi Namib. Picha ya shimo lao nayo imekubali, maana lilikuwa kwenye mizizi ya nyasi za mchangani. Wanakunywa majimaji matamu yanayotolewa na wadudu gamba wanaofyonza mimea. Nilivyokuwa nashangaa wanakula nini pale!

Kwenye picha hizo kuna pia sisimizi wengine wawili wembamba, waliokuwa wakikimbia mchana wa jua kali; hao wana vifundo viwili: ni wa jenasi (kundi la spishi) ya Ocymyrmex. Hao hula wadudu waliouawa na joto, na mchanga ukizidi kuchoma hupanda juu ya vijiti wapoe kidogo. Picha ya kijiti ninayo, nilikaribia kuifuta. Asanteni sana.