Matumbawe ya bahari au samaki wa Tanganyika? Niko Lubumbashi, nisaidieni kuchagua

Kamalondo12
Jambo wakubwa. Mwezi ujao nataka kutengenezesha akwariamu ya saloni. Mke wangu anataka ya bahari, yenye matumbawe na wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe. Mimi moyo wangu uko kwa samaki wa ziwa Tanganyika. Ipi ni nzuri?

Fundi Vioo
Nzuri kwa nani? Hujasema lita ngapi, hujasema dola ngapi, hujasema umeme kwenu unakaa saa ngapi. Andika vizuri, papa.

Kamalondo12
Pole mukubwa. Sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Dola 1,500 kila kitu. Umeme uko sawa tu.

Mama Wawili
"Umeme uko sawa tu", Lubumbashi hii hii? 😂 Kaka, unakaa mtaa gani tuhamie?

Samaki wa Rwashi
Hizo ni lita 300. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kujaza tu ni kilo 10 na nusu. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki, kilo nyingine moja inaondoka. Na si chumvi ya jikoni, ile haina kalsiamu wala magneziamu ya kutosha. Utaagiza Afrika Kusini, halafu pale mpakani Kasumbalesa ueleze mfuko wa unga mweupe ni wa nini. Matumbawe magumu ndiyo usiseme, yako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa kulinda viumbe wasimalizwe na biashara, bila kibali hayavuki mpaka. Chukua Tanganyika.

Mzee Bel-Air
Bahari inawezekana, mimi niliifanya. Lakini ngoja nikuambie kilichonipata.

Lita 200. Nilisubiri wiki sita mpaka amonia na nitriti, zile sumu za tangi jipya, zikasoma sifuri, ndipo nikaweka samaki wawili, uduvi wawili, konokono kumi na matumbawe laini matatu. Mwaka mzima, raha. Siku moja shemeji akaja na zawadi: mamba wa malakiti, lile jiwe la kijani, amechongwa vizuri, anang'aa. Mtoto wangu akafikiri sawasawa kabisa: mamba anakaa majini. Akamtumbukiza nyuma ya mawe, sikumwona.

Baada ya siku chache konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo. Nikasema ni joto, ilikuwa Oktoba. Nikabadilisha maji. Uduvi mmoja akawa anarukaruka kama anaungua, asubuhi amekufa. Matumbawe yakajifunga, hayakufunguka tena. Wiki ya pili naingiza mkono nitoe jiwe, nagusa mkia. Malakiti ni shaba, ndugu zangu! Shaba kidogo, ambayo samaki hata haisikii, inaua uduvi, konokono na matumbawe. Samaki wangu wawili walibaki wanaogelea kama hakuna msiba. Mawe yalikuwa yameshanyonya, nikatupa yote. Shemeji mpaka leo anauliza mamba yuko wapi.

Ingénieur K.
Kwa heshima zote, mzee, malakiti haiyeyuki upesi hivyo kwenye maji ya bahari. Mimi naona ni ile dawa wanayopaka ing'ae.

Mzee Bel-Air
Ingénieur, ulikuwepo? Nilipima shaba. Ilikuwemo.

Ingénieur K.
Labda ilitoka kwenye bomba la nyumba.

Mzee Bel-Air
Mwaka mzima bomba lilikuwa limelala?

Samaki wa Rwashi
Bomba au mamba, bila chujio la osmosi, lile linalotoa hata vilivyoyeyuka majini, usianze bahari. Kwa Tanganyika maji ya foraji yangu, kisima cha kutoboa, naweka hivi hivi: magumu, sufuria zinajaa chokaa, na samaki wa kule ndiyo wanayapenda. Ziwa lenyewe pH yake inakaribia 9.

Kamalondo12
Basi nikienda Tanganyika nitaweka frontosa wa buluu wa Moba. Wazungu wanawatafuta sana, na ni samaki wetu wa Katanga.

Mama Wawili
Moba iko mkoa wa Tanganyika, si Katanga.

Kamalondo12
Tangu Katanga igawanywe 2015 tu, yaya. Samaki hawakupiga kura.

Mama Wawili
Na sisi hatukupiga 😂

Samaki wa Rwashi
Acheni siasa. Frontosa anapita sentimita 30, tangi la 120 litamfinya. Weka wale wadogo wanaokaa ndani ya magamba ya konokono, hawafiki hata sentimita 5. Wangu wanachimba mchanga usiku kucha. Juzi dume amelifunika gamba la jirani yake kabisa, jirani akiwa ndani. Tulikaa na watoto kuangalia atatokea wapi.

Fundi Vioo
Hakuna anayeuliza kioo. Milimita 10 na vipande vya kioo vya kukaza juu, au 12 bila. Mimi nasema 12. Silikoni nyeusi.

Ingénieur K.
10 inatosha, 12 ni kumlia mtu pesa.

Fundi Vioo
Likipasuka saa nane ya usiku nitampa namba yako.

Mzee Bel-Air
Na Julai, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, hita bila umeme ni pambo. Matumbawe yanataka 24 mpaka 26. Nunua batri kabla ya samaki. Na maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji matamu, si ya chumvi: chumvi haiondoki na mvuke.

Kamalondo12
Aksanti sana wote. Mke wangu amesoma hapa, anasema konokono wa Mzee hawahusu, sisi hatuna shemeji wa malakiti. Bado tunazungumza.

Fundi Vioo
Nipe jibu niandae kioo. Maji, kioo na mawe vitapita kilo 400. Sakafu ni simenti ya chini?

Kamalondo12
Ghorofa ya pili. Mbao. Nyumba ya kupanga.

Fundi Vioo
Mwenye nyumba anajua?