Pai ya embe na nanasi inabaki majimaji ingawa naweka konflawa

PishiLaTanga aliuliza:

Wakuu wa mapishi, naomba msaada. Pai yangu ni ya chombo cha sentimita 23, kinyunya chini na juu. Ndani naweka embe lililokatwa vipande vikombe vinne, nanasi vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji ya ndimu moja na konflawa (wanga wa mahindi) vijiko viwili vya chakula. Navichanganya vikiwa vibichi, namimina, naoka nyuzi 180 kwa dakika 35 mpaka juu pawe na rangi nzuri. Nikikata tu, maji yanatiririka, kinyunya cha chini kimelowa, na mchuzi wenyewe una weupe fulani na ladha ya unga. Niongeze konflawa hadi vijiko vingapi? Na ni kweli kwamba nanasi huua nguvu ya konflawa?

Mwiko_Mrefu:

Mkuu, usiongeze kwanza. Huo weupe na ladha ya unga vinaonyesha kwamba hata hiyo uliyoweka haikuiva. Chembe za wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba kwenye nyuzi 62 hadi 72 hivi, lakini mchuzi haushiki uzito wake wote mpaka ukaribie 95. Sukari nyingi inakisogeza kiwango hicho juu zaidi, maana nayo inagombea maji yale yale. Dakika 35 zinatosha kuipa kinyunya rangi, ila katikati ya pai iliyojaa matunda mabichi bado hapajachemka.

Kwa hiyo usiangalie rangi, angalia mapovu. Toboa matundu manne au matano juu ya pai. Yakitoka mapovu mepesi ya haraka pembeni, bado. Subiri mpaka yapande mazito, polepole, kwenye matundu ya katikati. Kwa matunda mabichi anza nyuzi 200 kwa dakika 20, shusha hadi 180, endelea dakika 40 hadi 50. Juu pakiwahi kuiva, funika kwa karatasi ya foili.

Ukishaitoa, iache ipoe saa tatu hadi nne kabla ya kugusa kisu. Wanga wa mahindi hukaza unapopoa, hivyo pai ya moto itamwagika hata kama ulipima vizuri.

Habari ya nanasi kuua konflawa si kweli. Kimeng'enya kilichomo kwenye nanasi, bromelaini, hukata protini. Ndiyo maana nanasi bichi hulainisha nyama na huzuia jelatini kuganda. Wanga hakiugusi. Shida ya nanasi ni wingi wa maji.

Mama_Karafuu:

Mwiko_Mrefu amesema kweli, lakini mimi nisingeoka matunda hayo mabichi kabisa. Embe la leo si embe la wiki ijayo: moja linatoa maji robo kikombe, jingine kikombe kizima, na wewe unaweka vijiko vile vile viwili. Mwanangu, pima juisi, usipime matunda. Fanya hivi:

Vipande vya embe vinyunyizie sukari robo tatu ya kikombe (gramu 150) na chumvi kidogo sana. Acha dakika 45, kisha chuja na uweke juisi pembeni. Chagua embe lililoiva ila bado linakataa kidogo ukilibonyeza. Lililolegea litageuka rojo humo ndani.

Nanasi lipike peke yake kwenye sufuria isiyofunikwa, moto wa kati, dakika 8 hadi 10. Chuja, changanya juisi zote mbili na upime. Zikizidi mililita 250, chemsha zipungue hadi hapo. Usimwage ziada, ladha yote imo humo. Zikiwa chini ya mililita 250, ongeza maji zifike hapo.

Sasa konflawa: vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa kwa kisu, yaani gramu 24. Ikoroge na vijiko sita vya hiyo juisi *ikiwa imepoa*. Ukiimwaga kavu kwenye juisi ya moto, nje ya kila tonge kunaiva papo hapo na ndani kunabaki unga mkavu, na tonge hilo halivunjiki tena. Juisi iliyobaki iache ichemke, mimina mchanganyiko huku unakoroga, na toka inapoanza kutokota hesabu dakika moja. Weupe ukishatoweka na mchuzi ukang'aa, epua. Usiendelee kuipika ukidhani itazidi kuwa nzito. Chembe zilizokwisha kuvimba zikichemshwa na kukorogwa sana hupasuka, na mchuzi unarudi kuwa mwepesi.

Baada ya kuepua ndipo uweke ndimu (nusu inatosha), siagi kijiko kimoja, na matunda yote. Geuza taratibu, acha ipoe mpaka iwe vuguvugu, mimina kwenye kinyunya. Ikishaanza kuganda usiikoroge tena, utavunja ule mshikamano na maji yatajitenga. Kwa ujazo (matunda na mchuzi wake) uliopikwa hivi, oka nyuzi 200 dakika 20, halafu 180 kama dakika 30. Trei ya chuma iliyopashwa moto chini ya chombo itasaidia kinyunya cha chini kukauka.

Jambo moja watu hulidharau: kijiko ulichoonjea usikirudishe sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, na ujazo uliokuwa mzito utalegea ukiwa umekaa tu.

Jikoni_Nairobi:

Kwa walio nyanda za juu: hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Konflawa inaiva, ila ipe dakika moja na nusu hadi mbili ya kutokota badala ya moja.

Na kwa nini msitumie unga wa ngano tu? Uko kila nyumba, na hauogopi ndimu.

Mwiko_Mrefu:

Ngano inafanya kazi, ila nguvu yake ni kama nusu ya konflawa. Vijiko vitatu vitakuwa sita, na vijiko sita vya ngano kwenye pai ya embe unavisikia mdomoni. Mchuzi pia hauwi angavu. Kwa tufaha naikubali. Kwa embe na nanasi, hapana.

Na si kweli kwamba ngano haiogopi ndimu. Asidi ikichemka pamoja na wanga wowote wa kawaida huukata vipande vipande, na mchuzi hulegea. Dawa ni hiyo ya Mama_Karafuu, ndimu iingie mwisho, moto ukiwa umezimwa.

Jikoni_Nairobi, hiyo ya mwinuko ni muhimu. Arusha na Mbeya nao wamo.

PishiLaTanga:

Ahsante mama, ahsanteni wote. Kumbe nilikuwa napima kitu kisichopimika. Maswali mawili: dukani nikikosa konflawa, unga wa mahindi wa kawaida au kastadi vinafaa? Na nikitaka kuzigandisha kwenye friza kwa ajili ya oda?

Mama_Karafuu:

Unga wa ugali hapana. Huo ni punje nzima au iliyokobolewa ikasagwa, utapata chengachenga. Konflawa ni wanga mtupu, ukiubana kati ya vidole unalia. Kastadi ya unga inafaa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni konflawa yenyewe pamoja na rangi na vanila. Tumia kipimo kile kile, ila ujue ladha ya vanila itakuwepo.

Friza ndiyo adui wa konflawa. Ikigandishwa na kuyeyushwa, inatema maji na kubaki na mashimo ya sponji. Ukitaka kugandisha, tumia wanga wa muhogo. Sisemi unga wa muhogo wa ugali, nasema wanga: kwangua muhogo mtamu uliomenywa, ukande kwenye maji mengi, chuja kwa kitambaa, acha maji yatulie saa kadhaa. Mwaga maji ya juu, badilisha mara moja au mbili, kisha anika ule wanga mweupe laini ulioganda chini mpaka ukauke kabisa, na uuchekeche.

Kila kijiko cha konflawa kiwe kijiko kimoja na nusu cha wanga huu. Unaiva kwenye joto la chini zaidi na unang'aa kuliko konflawa, ila epua mara tu unapokuwa mzito. Ukiuzidisha au ukiuchemsha sana, mchuzi unavutika kama mlenda.

Jikoni_Nairobi:

Na pai iliyokwisha kuokwa ikiwa majimaji, kuna namna ya kuiokoa?

Mwiko_Mrefu:

Ipo, kama kinyunya cha juu hakijavunjika. Iache ipoe kabisa kwanza, maana nyingine hukaza zenyewe. Bado? Inamishe juu ya bakuli, juisi itoke kupitia matundu. Kwa kila mililita 100 uliyopata, koroga kijiko kimoja cha chakula cha konflawa kilichosawazishwa na vijiko viwili vya maji baridi, pika na hiyo juisi mpaka itokote dakika moja, kisha irudishe ikiwa ya moto, kidogo kidogo kwa faneli kupitia matundu yale yale. Acha saa mbili tena. Kinyunya cha chini kilicholowa hakiokoki, hiyo ipeleke mezani kwa bakuli na kijiko.