Naomba ushauri: hati ya makubaliano kabla ya kuomba talaka

Wakuu, habari zenu. Mume na mke wamekubaliana kuachana bila kuvutana. Kila mmoja ana wakili wake, na mawakili wamesaini kwamba mazungumzo yakivunjika wote wawili wanajitoa, kesi ishikwe na wengine. Mtindo huu ulianzia Minnesota, Marekani, mwaka 1990.

Kwa Tanzania, amri ya talaka bado ni ya mahakama, na kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hapo ndipo wengi hukwama: baraza linaandika barua fupi ya "tumeshindwa kuwapatanisha" badala ya kujaza Fomu Namba 3, yaani cheti rasmi cha baraza kwamba usuluhishi umeshindikana; ombi la talaka linatupwa na mahakama, mnarudi mwanzo.

Hati ya makubaliano ya hawa wawili imegusa nyumba, kiwanja na ada za watoto wawili. Mkopo umesahaulika! Nyumba inaenda kwa mama, imewekwa dhamana, na mkopaji ni baba. Benki haifungwi na makubaliano yao. Baba akiacha kulipa, nyumba inapigwa mnada.

Kipengele cha deni kiandikweje? Na hati iambatanishwe na ombi tangu siku ya kufungua, au isubiri hakimu aulize mipango ya watoto na mali?