Huduma za madaktari bingwa vijijini: tuanze na video ya mgonjwa au na mashauriano kati ya watoa huduma?

MratibuWaAfya aliuliza:

Habari zenu, ndugu wataalamu. Ninashiriki kuandaa mpango wa kuunganisha vituo kadhaa vya afya vya vijijini na hospitali moja ya rufaa. Wagonjwa wanaohitaji bingwa wa moyo, ngozi, macho, kisukari au afya ya akili husafiri mbali, na wengi huahirisha safari mpaka ugonjwa unapokuwa umekomaa. Pendekezo tulilopokea ni kununua vifaa vya video ili mgonjwa aketi kituoni na kuzungumza moja kwa moja na bingwa aliye mjini. Baadhi yetu tunahofia kwamba fedha zote zitaishia kwenye vifaa, na kwamba tabibu wa kituo atageuzwa kuwa mtu wa kuwasha mitambo tu. Je, ni utaratibu gani umeonekana kweli kuongeza huduma za kibingwa vijijini, na ni jambo gani lipewe kipaumbele mwanzoni?

DaktariWaMagonjwaYaNdani alijibu:

Ndugu Mratibu, hofu yenu ina msingi. Kinachopungua zaidi katika huduma za kibingwa ni saa za bingwa mwenyewe, na video haiongezi saa hizo hata kidogo. Bingwa anayeona wagonjwa ishirini kwa siku kliniki ataona ishirini hao hao kwa video, pengine wachache zaidi, kwa kuwa kuunganisha mawasiliano nako hula muda. Mgonjwa ataokoa nauli na siku ya kazi, na hilo ni jambo kubwa, lakini foleni itabaki vilevile.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Project ECHO. Ulianzishwa mwaka 2003 na Dkt. Sanjeev Arora, bingwa wa magonjwa ya ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, wakati ambapo wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakisubiri hadi miezi 8 ili waonwe katika kliniki yake. Hakutumia video kuwaona wagonjwa hao mmoja mmoja. Aliitumia kukutana kila wiki na watoa huduma za afya ya msingi waliokuwa wametawanyika katika jimbo zima. Mmoja wao huwasilisha kisa bila kutaja jina la mgonjwa, wenzake huuliza maswali, mabingwa hushauri, na aliyewasilisha hurudi kumtibu mgonjwa wake mwenyewe. Anayehudhuria vikao hivyo kwa muda mrefu hujifunza kutokana na visa vya wenzake kama anavyojifunza kutokana na vyake, hata kufikia mahali ambapo vituo vya jirani huanza kumwomba yeye ushauri.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika The New England Journal of Medicine. Kati ya wagonjwa 407, waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu walipona kwa asilimia 57.5, na waliotibiwa katika vituo 21 vya vijijini na vya magereza walipona kwa asilimia 58.2. Ikumbukwe kwamba dawa za wakati huo, interferoni na ribavirini, zilikuwa na madhara makali yaliyohitaji uangalizi wa karibu kwa miezi mingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba walichagua ugonjwa mwepesi. Ndiyo maana nasema fedha zenu za kwanza ziende kwa tabibu.

TabibuWaKituo alijibu:

Ninakubaliana na Daktari, ila kikao cha kila wiki hakimsaidii mama aliye mbele yangu asubuhi hii na upele usiopona. Kwa mgonjwa kama huyo kinachofaa ni ushauri wa maandishi: ninaandika swali langu, ninaambatisha picha na majibu ya vipimo, na bingwa anajibu ndani ya siku chache anapopata nafasi. Hospitali kuu ya umma ya San Francisco ilianza utaratibu wa aina hii mwaka 2005 kwa kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula, na Ottawa nchini Kanada wakaanza wao mwaka 2010. Katika sehemu zote mbili ilionekana kwamba rufaa nyingi zilikuwa na swali moja tu ndani yake, na swali likishajibiwa vizuri mgonjwa hana haja ya kusafiri. Atakayesafiri hata hivyo hufika akiwa ameshafanyiwa vipimo vinavyotakiwa, hivyo ile safari ya kwanza haiishii kwenye kuandikiwa vipimo na kuambiwa arudi tena.

Utaratibu huu huishi au hufa kwa ubora wa swali na wa jibu. Swali la «naomba msaada, mgonjwa ana vidonda» halijibiki. Nikieleza vidonda vilianza lini na wapi, ni dawa gani zimeshatumika na kwa muda gani, na mimi mwenyewe ninashuku nini, bingwa ana pa kuanzia. Yeye naye akinijibu kwa kutaja dawa isiyopatikana kituoni au kipimo kisichofanyika wilaya nzima, hajanisaidia. Ninamhitaji aniambie nifanye nini kwa nilivyo navyo, na ni dalili gani zikitokea nimpe mgonjwa rufaa bila kuchelewa.

Jambo jingine ambalo waandaaji wa mipango husahau ni kwamba muda wa kuandika swali na muda wa kulijibu vyote ni kazi. Usipohesabiwa katika ratiba na malipo, utaratibu utategemea hisani ya watu wachache, na wakihama unakufa nao.

MratibuWaAfya aliandika:

Nawashukuru sana. Je, video ya mgonjwa na bingwa haina nafasi kabisa? Ninauliza hasa kuhusu afya ya akili, ambako picha haielezi chochote.

MuuguziWaAfyaYaAkili alijibu:

Ndugu Mratibu, katika fani yetu video ina nafasi kubwa, kwa sababu uchunguzi wetu kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na kumtazama mtu anavyozungumza. Hata hivyo iwekeni katika chumba ambacho sauti haitoki nje. Katika kijiji ambako kila mtu anafahamiana, mgonjwa akihisi kwamba wanaosubiri nje wanamsikia, hatasema lililomleta. Pia pawe na mtoa huduma ndani ya jengo anayejua la kufanya iwapo mgonjwa atasema anafikiria kujiua. Bingwa aliye upande wa pili wa skrini hawezi kumshika mkono wala kumwita ndugu yake.

Kwa sonona ya kawaida, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, ushirikiano ndani ya huduma ya msingi unafika mbali kuliko video. Utafiti wa IMPACT, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18 za afya ya msingi nchini Marekani. Muuguzi au mwanasaikolojia wa kliniki aliwafuatilia wagonjwa kwa karibu, naye bingwa wa magonjwa ya akili alipitia maendeleo yao mara kwa mara na kushauri pale ambapo nafuu haikuonekana. Baada ya miezi 12, asilimia 45 ya wazee waliofuatiliwa hivyo walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi, wakati katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 19. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ililetwa kwa sehemu kubwa na mtu anayepiga simu kuuliza kwa nini mgonjwa hakurudi kuchukua dawa.

FundiWaPichaZaMacho alijibu:

Nitaongeza dogo. Picha ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mgonjwa wa kisukari inaweza kupigwa kituoni, ikahifadhiwa, na ikatumwa usiku mtandao unapokuwa na nafuu. Haihitaji muunganisho wa papo kwa papo. Lakini msianze kupiga picha kabla ya kuhakikisha kwamba atakayekutwa na madhara atapata matibabu ya leza mahali fulani na kwa tarehe inayojulikana. Kumwambia mtu kwamba anaelekea kupofuka, kisha kumwacha hapo, ni kumtesa.

DaktariWaMagonjwaYaNdani alijibu:

Maneno ya kweli hayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 nao unaielekeza tiba mtandao iwe nyongeza ya huduma ya ana kwa ana, isichukue nafasi yake.

Ndugu Mratibu, kabla ya kununua kifaa chochote, chukueni barua zenu za rufaa za mwaka uliopita mkae nazo, bingwa mmoja na matabibu wawili, na kila barua muijiulizie kama ingejibiwa kwa maandishi, kama ilihitaji mazungumzo na mgonjwa, au kama ilihitaji mkono wa bingwa. Fani itakayoonyesha barua nyingi za aina ya kwanza ndiyo ya kuanza nayo. Kisha kubalianeni kwa maandishi nani anaandika dawa baada ya ushauri, nani anawajibika zikileta madhara, na bingwa anatakiwa kujibu ndani ya siku ngapi. Makubaliano hayo yasainiwe na hospitali zote mbili, yaani inayotoa ushauri na inayovisimamia vituo, kwa sababu tabibu asiyejua kama atalindwa ataendelea kuandika rufaa hata akiwa na jibu mkononi.