Ushauri: Nimtumieje msaidizi wa mchawi wangu zaidi ya upelelezi?

kijana_wa_kirumba
Wakuu, salaam. Tuko watu wanne tunaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete) kila Jumamosi hapa Mwanza. Mimi ni mchawi wa ngazi ya 3. Msimamizi wa mchezo, ndiye anayesimulia hadithi, katutungia ziwa lenye miamba iliyobebana kama huku kwetu, na jahazi la magendo linalojificha usiku katikati ya mitumbwi ya dagaa. Tunatakiwa tuliteke, na mvuvi hata mmoja asiumie. Msaidizi wangu wa kichawi ni bundi, ila kazi yake ni ile ile: anaruka, anatazama, anarudi. Halafu kuna dada mezani hana raha naye kabisa, kwao bundi akilia ni habari ya msiba. Naombeni mawazo.

mnandi_wa_saanane
Mkuu, mbadilishe umbo. Rudia ile ibada ya kumwita msaidizi, ya saa 1, choma mkaa, ubani na mitishamba, vyote vya thamani ya sarafu 10 za dhahabu za mchezoni, aje kama pweza. Mpe ncha ya kamba aizungushe kwenye usukani kwa chini, ncha nyingine ifungeni mwambani. Wakishtuka waondoke, hawafiki mbali. Akibanwa anatoa wino. Ukiwa ndani ya futi 100 unaona kwa macho yake, ila muda huo wewe mwenyewe huoni wala husikii, kwa hiyo mtu akushike.

mama_karabai
Mwanangu, kwanza muulize msimamizi mwezi ukoje. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanakaa nyumbani, na taa yoyote ziwani itatiliwa shaka. Kukiwa na giza, mwite kwa uchawi mtumishi asiyeonekana. Ukimwita kwa ibada hupotezi nguvu yoyote, na anakaa saa nzima. Hana nguvu ya kupiga kasia, lakini kuwasha na kuzima taa anaweza. Mweke kwenye mtumbwi mtupu, asizidi futi 60 kutoka ulipo. Walinzi watakodolea macho taa hiyo, nyie mnatokea upande wa pili. Hii naipenda kuliko vita, maana wavuvi wanabaki salama.

kete_ishirini
Bundi ana faida ambayo mwewe hana: anapita karibu na adui na kuondoka bila kupigwa. Lakini mchezo ni wa wote, huyo dada asikilizwe. Pweza sawa. Ila msimpe msaidizi uchawi wa pumzi ya joka, atemee watu moto, kama wengi wanavyoshauri; moto kati ya mitumbwi ya mbao na nyavu utaunguza hao hao mnaowalinda.

kijana_wa_kirumba
Asanteni sana, shikamoo mama. Msimamizi kasema ni giza totoro. Nachukua pweza na taa. Swali: pweza akiwa majini anaweza kumfikishia mwenzangu uchawi wa kutoonekana?

kete_ishirini
Anaweza, ni uchawi wa kugusa. Pweza awe ndani ya futi 100 kutoka kwako na awe bado ana nafasi ya kujibu tukio kwenye mzunguko huo. Mwenzako aning'inie ubavuni mwa jahazi, miguu majini, pweza amguse. Ila mwambie akishambulia tu, anaonekana.