Mrejesho: deki ya mama Tukuyu imesoma

Wadau, niliuliza kwa nini video ya kipaimara cha mdogo wangu, MP4 ya kwenye simu, inagoma kwenye deki ya VCD ya mama kule Tukuyu. Mlisema kweli: nilikuwa nachoma faili kama data tu, yaani kulihifadhi kwenye CD kama lilivyo. Nimeigeuza kuwa MPEG-1, aina ya video ambayo deki ya VCD inaisoma, pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, kisha nikachoma kama Video CD, spidi ndogo. CD moja inabeba dakika kama 80, hivyo ibada imekaa kwenye mbili.

Jana deki ilikoroma kidogo, kwaya ikatokea. Mama aliacha kumenya ndizi, akasogea hadi kwenye kioo cha TV, akamgusa marehemu baba usoni. Picha ina ukungu kiasi, ila anamtambua. Asanteni sana ndugu zangu.