Mdogo wangu anahama Texas kwenda New Jersey na bastola yake, magazini ya risasi 15, kuna mtu kaniambia kule ni jinai

Mtoto wa Temeke

Wakuu habarini za jioni. Nina mdogo wangu wa mwisho kuzaliwa, alipata ile bahati nasibu ya grinikadi (kibali cha kuishi Marekani kudumu) akaenda Marekani, yuko Houston anafanya kazi kwenye maghala zamu ya usiku. Mtaa anaokaa kuna uporaji sana kwahiyo akanunua bastola Glock 19, dukani kabisa, wakapekua jina lake kwenye mfumo wa serikali akaonekana msafi akapewa, risiti anayo. Sasa kapata kazi nzuri zaidi New Jersey na mwisho wa mwezi anapakia kila kitu kwenye gari anaondoka.

Jana naongea na jirani yetu hapa Mikoroshini aliyewahi kuishi huko, nikamtajia hiyo safari, akashtuka akaniuliza magazini yake (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola) inabeba ngapi. Nikampigia dogo akasema 15 ndo ilivyokuja na boksi. Jirani akaniambia New Jersey mwisho ni 10, ikizidi hapo ni kosa la jinai hata kama bastola yenyewe ni halali. Dogo hataki kuelewa, anasema silaha ni yangu, nimenunua kihalali, Marekani ni nchi moja. Mi nipo huku mbali sijui nimshike wapi, na mama bado sijamwambia. Naombeni mwenye kujua kweli aniambie, hili jambo lipo? Na kama lipo hiyo magazini aipeleke wapi?

Dereva Masafa

Mkuu jirani yako kakwambia kweli tupu, mshukuru. Mi nimeendesha malori kule miaka mingi kabla sijarudi Tegeta na hili la majimbo lazima ulijue maana leo unalala Texas kesho Tennessee keshokutwa Virginia na kila mpaka unakuta sheria yake. Serikali kuu ya Marekani iliwahi kuwa na kikomo cha nchi nzima, 1994 mpaka 2004, magazini mpya zaidi ya risasi 10 zilikua haziuzwi kwa raia, ule muda ulivyoisha Bunge halikuongeza, tangu hapo kila jimbo linajiamulia lenyewe. Texas hamna kikomo kabisa. Colorado 15 tangu 2013. Delaware wameweka 17. Illinois 15 kwa bastola na 10 kwa bunduki ndefu. New York, California, Connecticut, New Jersey ni 10. Alafu sio zote zinakataza kitu kimoja, kuna majimbo yanakataza kuuza na kuingiza tu ila ukiwa nayo ya zamani hawakugusi, Washington ile ya magharibi wako ivo tangu 2022, na kuna yanayokataza hata kuwa nayo ndani ya droo. New Jersey ni hao wa droo.

Na cha kuumiza ni kwamba mpaka 2018 New Jersey nao kikomo kilikua 15, yani Glock 19 ya dogo wako ingepita bila shida. Gavana Phil Murphy akasaini mwezi wa 6 ikashuka mpaka 10, waliokuwa nazo wakapewa siku 180 waziuze, wazisalimishe polisi au zifungwe na fundi kwa namna ya kudumu zisiingie zaidi ya 10. Huo muda uliisha zamani, anayekuja leo na ya 15 hana dirisha la kujitetea.

Shamba Kiluvya

Mi namiliki silaha kihalali hapa nchini kwa ajili ya shamba na nitasema ninachoamini. Hizi sheria za kuhesabu risasi zinamkamata mtu kama huyo mdogo wako ambaye hana ubaya na mtu. Jambazi hasomi sheria kabla ya kuingia kwako. Na mtu akivamiwa saa 8 usiku na watu wanne, giza, mikono inatetemeka, risasi nyingi zinakwenda ukutani, hapo ndo unamwambia 10 zinatosha? Anayejilinda anakua na ile moja iliyopo kwenye silaha tu, hajavaa mkanda wa magazini za akiba kama anayekwenda kushambulia. Anayepanga ubaya anabeba kumi za risasi 10 anamaliza mambo yake.

Colorado walivyopitisha hiyo ya 15 kampuni ya Magpul inayotengeneza hizo magazini ikahamisha kiwanda Wyoming na ofisi Texas, na maseneta wawili wa jimbo walioipigania wakaondolewa na wapigakura wao mwezi wa 9 mwaka huohuo 2013. Raia wenyewe walikasirika, msiwachukulie poa.

Binti Upanga

Mtoto wa Temeke naomba usome hapa taratibu kuliko pengine popote kwenye huu uzi, maana wenzangu wanaongelea magazini na mi naona hatari kubwa zaidi. Mdogo wako ana grinikadi, sio raia. Kwenye sheria ya uhamiaji ya Marekani mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, hata awe kakaa miaka mingapi na analipa kodi. Raia wa kule akikutwa na magazini ya 15 New Jersey ni kosa la daraja la nne, kifungo mpaka miezi 18, wengi ambao hawana rekodi wanaongea na mwendesha mashtaka wanapata nafuu wanarudi nyumbani. Kwa mgeni hata hiyo nafuu yenyewe inaweza kuhesabika kama hatia mbele ya uhamiaji. Kwahiyo akikamatwa (Mungu aepushie) asikiri chochote mahakamani kabla hajakaa na wakili wa uhamiaji, sio wakili wa jinai peke yake.

Na New Jersey hawana mchezo na bastola yenyewe. Mwaka 2013 kuna mama mmoja wa Philadelphia, ana watoto wadogo, hana kosa lolote maishani, alisimamishwa barabarani New Jersey kwa mambo ya kuendesha tu, akamwambia askari kwa heshima kwamba ana bastola na kibali cha kubeba. Kibali cha Pennsylvania. New Jersey hawakitambui. Alifunguliwa mashtaka ambayo kifungo chake cha chini kilikua miaka, jambo likawa kubwa nchi nzima ndo wakambadilishia utaratibu, mwisho gavana Chris Christie akamsamehe 2015. Alikua mkweli na alikua na karatasi mkononi. Dogo anaposema "risiti ninayo" mkumbushe huyo mama.

Dereva Masafa

Binti Upanga umenena. Niongezee la barabarani. Kuna sheria ya nchi nzima ya 1986 inayomlinda msafiri anayekatiza majimbo na silaha, masharti yake isiwe na risasi ndani, isifikike kutoka kwenye kiti, iwe buti, na kama gari halina buti iwe kwenye kasha lililofungwa kufuli. Ila inasema safari ianze unaporuhusiwa kuwa na hicho kitu na iishie unaporuhusiwa. Mwisho wa safari ya dogo ni New Jersey na ile magazini hairuhusiwi pale, kwahiyo asijifunike na hiyo sheria.

Afanye hivi. Kabla hajawasha gari Houston aiuze hiyo magazini dukani au amwachie rafiki yake mkazi wa Texas, anunue za risasi 10, Glock wenyewe wanatengeneza kwa ajili ya majimbo kama hayo na inaingia kwenye bastola ileile. Apekue na mabegi, watu wanasahau ya pili kwenye mfuko wa pembeni. Akifika New Jersey mkazi mpya ana siku 60 za kupata kadi ya utambulisho ya mwenye silaha na kuisajili hiyo bastola, hiyo ni sheria ya 2022. Na kibali cha kubeba ni kitu kingine kabisa, bila hicho bastola inakaa nyumbani, asitembee nayo kazini. Wala asiipeleke kwa posta wala asimpe rafiki ampelekee.

Mama Wawili Sinza

Kaka Shamba Kiluvya nakuheshimu ila hapo kwa anayepanga ubaya kubeba kumi za risasi 10 umepita haraka. Katikati ya magazini na magazini kuna sekunde na hizo sekunde ni watu. Tucson Arizona, mwezi wa kwanza 2011, kijana alikwenda kwenye mkutano wa mbunge Gabrielle Giffords nje ya supamaketi na bastola yenye magazini ya risasi 33. Alimpiga mbunge kichwani, watu 6 wakafa. Alikamatwa pale alipotaka kubadilisha magazini, wananchi wakamrukia, mama mmoja akaikamata hiyo magazini nyingine. Mume wa Giffords, Mark Kelly, alikuja kuwaambia maseneta 2013 kwamba risasi ya 13 ndo iliyomuua mtoto wa kike wa miaka 9, kwamba ingekua magazini ya 10 huyo mtoto angekua hai. Na Kelly mwenyewe anamiliki silaha, hachukii bunduki, ni mwanajeshi wa majini mstaafu na leo ni seneta.

Connecticut waliweka 10 baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shule ya Sandy Hook, Desemba 2012. Watoto wa darasa la kwanza. Mi nina mtoto darasa la kwanza, siwezi kusoma hiyo habari nikasema hawa wabunge wanasumbua watu. Wakikosea kwenye namba basi wabishane kwenye namba.

Shamba Kiluvya

Mama Wawili sijapuuza watoto, Mungu awapumzishe, nina wajukuu. Nachobisha ni kumfunga mwenye droo. Angalia California, kuuza zimekatazwa tangu 2000, alafu 2016 wakapiga kura wakasema hata za zamani uziondoe. Jaji Roger Benitez akaifuta 2019, kwa wiki moja tu milango ikawa wazi watu wakanunua kwa wingi sana, alafu akasimamisha hukumu yake ila aliyenunua kihalali wiki ile akaachwa. Rufaa ikaenda ikarudi, Mahakama ya Juu ikairudisha kesi chini 2022 isikilizwe upya, Benitez akafuta tena 2023, mahakama ya rufaa 2025 ikasema sheria ni halali. Raia wa kawaida anajuaje leo asubuhi yuko upande gani? Unamfunga kwa jambo ambalo majaji wenyewe hawakubaliani.

Afande Mstaafu Ukonga

Nimekaa jeshi la polisi muda wangu wote na naungana na mama hapo juu. Huku kwetu sheria ni moja, ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, ukiwa Dar ukiwa Mwanza msomaji wa leseni anasoma kitu kilekile, na mwenye silaha anajulikana. Hata hivyo nimeona wamiliki halali wakiingia matatizoni kwa kusafiri bila kuuliza. Askari wa barabarani hana muda wa kujua nia yako, anaona kilichopo mkononi. Huyo kijana apige simu kituo cha polisi cha mji anaohamia aulize kabla, kwa simu, akiwa bado Texas, hakuna anayekamatwa kwa kuuliza.

Mtoto wa Temeke

Nimemsomea dogo yote kwa simu, nilipofika kwenye habari ya kurudishwa alinyamaza kabisa. Magazini kaipeleka dukani leo, wamempa nusu bei. Amekumbuka kuna nyingine ya 17 alinunua kwa ajili ya mazoezi, iko kwenye kasha la zana za gari, nayo inaondoka kesho. Swali la mwisho, mtoto wa shangazi yuko Ohio kwa viza ya mwanafunzi, dogo alitaka kumwachia bastola yenyewe mpaka apate kadi ya New Jersey, inawezekana?

Binti Upanga

HAPANA. Mwenye viza ya muda kama ya masomo sheria ya nchi nzima inamkataza kuwa na silaha wala risasi, jimbo lolote lile, isipokuwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Akiishika hata wiki moja wote wawili wameharibikiwa, aliyepokea na aliyempa. Aiache Houston kwa mtu mwenye sifa au aende nayo mwenyewe kwa masharti aliyosema Dereva. Na huyo wa Ohio mpigie leo usiku umwambie kabla dogo hajafanya safari.